Mke Wangu Anamshonea Sare Askari wa Mwenzangu

Mama Febronia mpendwa,

Naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanicheka, maana najua mzee wa umri wangu akiandika gazetini kwamba ana wivu, na kwamba wivu wenyewe umeanzia kwenye sanamu za askari zenye urefu wa rula ya shule, watu watasema amechanganyikiwa, na huenda nimechanganyikiwa kweli, ndiyo sababu nakuandikia wewe na si padri wetu, ambaye ni kijana na angenionea aibu.

Mimi ni mstaafu wa reli, naishi Itigi, na nilikuwa karani wa stesheni. Kwetu si hapa. Kwetu ni Kagera, ng'ambo ya mto, upande unaopakana na Uganda, na niliondoka huko mwaka 1978 nikiwa darasa la sita, vita vilipoingia, mimi na mama yangu, tukavuka mto pamoja na umati wa watu, na kwa kuwa mjomba wangu alikuwa mfanyakazi wa reli hapa Itigi tukaja kwake tukidhani tunasubiri mambo yatulie. Yakatulia. Wengine wakarudi, sisi hatukurudi, mama akalima hapa, akazeeka hapa na amezikwa hapa, na tangu tumzike sina mtu wa kuzungumza naye Kihaya. Nilioa hapahapa. Mke wangu nitamwita Severina, ni Mnyaturu, fundi wa cherehani ambaye nusu ya wanafunzi wa mji huu wamevaa sare alizoshona yeye. Majina yote humu nimeyabadilisha, na langu naomba ulifiche kabisa.

Nilipostaafu, binti yetu Eliana, ambaye ana duka Kariakoo, aliniletea sanduku akaniambia, "Baba, hiki kitakukalisha nyumbani." Ndani mlikuwa na askari. Si mdoli wa watoto. Anakuja vipande vipande, kiwiliwili chenye viungo vinavyokunjika kama vya mtu, kichwa mbali, mikono mbali, buti, mkanda, chupa ya maji, kofia ya chuma, bunduki yenye mtutu mwembamba kama njiti ya kibiriti, na wewe ndiye unayemuunganisha na kumvika mpaka asimame mwenyewe. Yule wa kwanza alikuwa Mzungu wa vita vya zamani. Nikamaliza, nikamtazama, nikajiuliza kwa nini nahangaika na askari wa watu ilhali wetu nawafahamu, nikamwagiza Eliana alete viwiliwili vitupu, nikaanza kuwatengeneza wale waliovuka mto kwenda kuikomboa kwetu.

Ni kazi ya subira. Nyuso za kiwandani ni za Wazungu au Wachina, kwa hiyo naikwangua pua kwa wembe, naongeza udongo wa puti, naijaza midomo, kisha napaka rangi tabaka nyembamba juu ya tabaka nyembamba, maana rangi nzito inamfanya mtu aonekane amepakwa masizi. Nimesoma kila kitabu cha vita vile nilichoweza kukipata, nimekusanya picha, najua kifungo kinakaa wapi na mkanda unapita bega gani. Sare anashona Severina kwa mkono. Kitambaa cha dukani ni kinene, kwenye mwili mdogo kinasimama kama gunia, hivyo yeye hutafuta nguo zilizochakaa kwa kufuliwa, anazichemsha na majani ya chai zichujuke, anakata, anashona mifuko midogo kama ukucha. Na mikono ya askari ni ya mpira laini, haiingii kwenye kifundo mpaka uichovye kwenye maji ya moto, basi kila nilipofika hatua hiyo nilikuwa sisemi kitu, ninasikia tu bakuli limewekwa karibu na kiwiko changu. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoa yetu ya uzeeni, mama, na nilikuwa sina ninachodai.

Halafu akaja Ignas.

Ignas ni mzee wa Mitundu, amenizidi miaka michache, anafuga nyuki, na alikuja Itigi kukaa kwa binti yake apate kutibiwa macho, kwa kuwa ana mtoto wa jicho pande zote mbili. Alipita kwetu kuuza asali. Mlango ulikuwa wazi, akawaona askari wangu kwenye meza, akaweka ndoo chini, akabana visigino, akapiga saluti. Mke wangu akacheka kicheko ambacho nilidhani kilikwisha miaka mingi iliyopita.

"Mzee, kumbe ulikuwa jeshini?" Ignas akaniuliza.

Nikamwambia hapana, nilikuwa mtoto.

"Mimi nilikuwepo," akasema, kama mtu anayesema alikuwepo sokoni jana. "Nilichukuliwa mgambo, nikafika mpaka huko ng'ambo."

Tangu siku hiyo akawa mtu wa kwetu. Anakuja na ndoo yake ndogo yenye mfuniko, ina asali, na Severina hairudishi ndoo hiyo bila kitu, leo karanga, kesho unga wa mtama, keshokutwa mafuta ya alizeti ndani ya chupa. Anamwita mke wangu dada kwa sababu wote ni Wanyaturu, na mimi ananiita Shemeji Karani. Anakaa tangu chai ya asubuhi mpaka kuku wanarudi bandani. Wanazungumza Kinyaturu, nami baada ya miaka yote hii nakisikia lakini ulimi wangu hauwezi kukimbia nacho, kwa hiyo kila ninapoelewa mzaha wao wameshauacha wamehamia mwingine.

Na kibaya zaidi, mama, hajui kitu. Nilimketisha nikamuuliza mkanda wa risasi ulipita bega gani.

"Shemeji, mtu akikimbia, mkanda unakwenda unakotaka."

"Na chupa ya maji? Kushoto au kulia?"

"Yangu ilipotea."

Akamchukua askari wangu mmoja, akamsogeza karibu na macho yake yenye ukungu, akamgeuza huku na huku. "Dada," akamwambia Severina, "hawa wanakwenda vitani au kwenye kipaimara? Wamepigwa pasi mpaka soksi." Severina akacheka mpaka akashika meza. Mimi ndiye ninayejua kila kifungo, yeye hajui hata kimoja, lakini yeye alikuwepo, na hilo peke yake lilitosha kumfanya mke wangu aweke mkasi chini amsikilize.

Siku moja nilikuwa chumba cha pili napaka rangi kichwa, wao wako ukumbini, nikamsikia Severina anamuuliza, tena kwa Kiswahili:

"Kaka Ignas, hivyo vijiji mlivyopita ng'ambo ya mto, nyumba zilikuwa za namna gani?"

"Nyumba nzuri, dada. Zimejificha ndani ya migomba. Unapita njiani unadhani ni msitu, kumbe ni mji wa watu."

"Na maji walichota wapi?"

"Bondeni. Na sisi tulichota hukohuko."

"Kanisa lilikuwepo?"

"Lilikuwepo. Paa ndilo halikuwepo."

"Watu waliondoka na nini?"

"Hawakuondoka na kitu. Masufuria yalikuwa jikoni. Kahawa imeanikwa uani kwenye majamvi, imenyeshewa, imeota ukungu. Mbwa wa watu wanatufuata."

Nilisimama pale na brashi mkononi. Mama aliacha jamvi la kahawa uani kwetu. Mtu huyu anayeuza asali amepita uani kwetu, au uani kwa jirani yetu, akaona nilichokiacha baada ya mimi kukiacha, na sasa amekaa kwenye kiti changu anamgawia mke wangu kama karanga. Hakuna mahali duniani palipokuwa pangu ila hapo, na hata hapo yeye amefika baada yangu. Severina aliwahi kuniuliza mimi habari za kwetu tulipooana, nikamwambia hayo yamepita, naye ni mwanamke mwenye heshima, hakurudia. Kumbe maswali alikuwa ameyaweka, na aliyepewa ni Ignas. Nikatoka na kile kichwa kidoleni, nikauliza kwa sauti kama leo nyumba hii haina maji ya moto.

Ignas akakitazama kichwa. "Shemeji, huyo umemkata lini?"

Wakacheka wote wawili.

Baada ya hapo akaleta ombi. Macho yanakwenda, akasema, na hana picha hata moja ya ujana wake, je, naweza kumtengenezea askari mmoja awe yeye, jinsi alivyokuwa wakati ule, amtazame kabla ukungu haujaziba. Ningesema nitafikiri, lakini Severina alishasema ndiyo. Na alianza siku hiyohiyo. Unajua kitambaa alichokata? Shati langu la kazi, la khaki, lililofuliwa tangu niko stesheni likawa laini kama leso. Kinachoniuma ni kwamba alikuwa sahihi, kitambaa chembamba kuliko hicho hakipo. Alishona kola, akashona mifuko, tena akamwekea kiraka kwenye goti kwa sababu Ignas alimwambia goti lake lilikuwa na kiraka, jambo ambalo kwangu hajawahi kulifanya kwa kuwa mimi sikuwahi kuagiza kiraka. Akachemsha maji, akaipachika mikono mwenyewe, bila mimi. Kilichobaki ni kichwa. Kichwa ni kazi yangu, na kila nilipokishika wembe ulikataa.

Basi, wiki ile Ignas alipokuwa anajiandaa kurudi Mitundu kidogo kuangalia mizinga yake, alileta asali ya kuaga, kubwa kuliko zote, na Severina alikuwa kwenye sala za jumuiya. Nilimimina asali, nikaiosha ndoo, nikaikausha kwa kitambaa, nikaifunga mfuniko, nikamkabidhi. Aliipokea, akaitikisa kidogo kama mtu anayepima uzito, akanitazama. Hakusema neno la mzaha. Akasema tu, "Haya, Karani." Shemeji hakulitaja.

Severina aliporudi aliuliza, "Ndoo ya kaka umeijaza nini?"

"Nimeiosha."

"Nimeuliza umeijaza nini."

"Nimeiosha, nikampa."

Akakaa. "Miaka yote hii unakaa kwetu na hujajua ndoo ya mtu inarudishwaje?"

"Najua."

"Basi ulijua."

Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Tangu siku hiyo hashoni. Namletea kitambaa, anakikunja anakiweka kabatini. Bakuli la maji ya moto najiletea mwenyewe, yakifika mezani yameshapoa. Juzi aliniambia kwamba tukimaliza kuvuna alizeti atakwenda Manyoni kwa dada yake Aneth, nikamuuliza kwa muda gani, akasema, "Nitakaa." Halafu akaongeza kwamba ninaweza kuwalinda askari wangu kwa amani sasa, hakuna atakayewavamia.

Na hilo neno lake, kwetu. Miaka yote hii, bado mimi nakaa kwao.

Nimeanza kuwaweka askari kwenye maboksi. Nafikiri yeye akienda Manyoni na mimi niondoke, nirudi Kagera, niishi peke yangu kwenye ardhi ya mama yangu ikiwa bado ipo. Askari wa Ignas yumo kabatini, amevaa shati langu, hana kichwa. Nisaidie, mama. Je, nimwache mke aende, au niende kumwangukia mtu ambaye kila nikimfikiria nahisi amenyakua nyumba zangu zote mbili, ile ya ng'ambo ya mto na hii?

Mwenye Askari Mezani,
Itigi.


MAMA FEBRONIA ANAJIBU

Shikamoo, mzee wangu. Nakuamkia mapema na kwa heshima zote, kwa sababu huko mbele sauti yangu itapanda na sitaki useme sikukuamkia.

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, ingawa sijui nimelificha kwa nani. Mzee mstaafu wa reli, Itigi, mwenye kikosi cha askari mezani na mke fundi cherehani? Hata muuza karanga wa stesheni ameshakutaja. Kwa hiyo fanya haraka, maana Severina naye anasoma magazeti.

Kwanza, sikucheki. Wazee wengi wakistaafu hugeuka kuwa kazi ya wake zao, wewe umejitafutia kazi, tena kazi yenye akili. Na wivu wa uzeeni unauma kuliko wa ujanani, kwa sababu kijana mwenye wivu ana marafiki wa kumsikiliza na mzee hana. Hata Mzee Ignas nina neno naye: mtu akikaribishwa chai, hiyo ni chai, si mkataba wa kukaa hadi kuku walale. Angekuwa mbele yangu ningemwambia. Lakini aliyeniandikia ni wewe.

Hiyo ndoo. Ungeisahau, ningekutetea. Ungemrudishia na vitunguu viwili, ningekutetea. Wewe uliiosha, ukaikausha, ukaifunga. Ulimtukana mtu mwenye macho mabovu kwa namna ambayo hahitaji macho kuiona, akapima uzito akaelewa. Na ulichagua saa ambayo mkeo hayupo, kwa sababu ulijua jina litakalochafuka ni lake. Huku kwetu ndoo ikirudi tupu hakuna anayesema mume alikuwa na hasira. Wanasema mwanamke wa nyumba ile ni mchoyo. Ndiyo sababu amekunja vitambaa, mzee. Ulimfungia mlango kaka yake kwa mkono wake yeye.

Nimesema kaka yake, na nimesema makusudi. Mwanamume anayemwita mkeo dada na wewe shemeji, tena mbele ya watu, ameshajifunga mwenyewe. Ukitaka kumwonea mtu wivu, mwonee anayemwita kwa jina.

Sasa chukua barua yako uisome kama karani, si kama mume. Mkeo alimuuliza yule mzee nini? Nyumba zilikuwaje. Maji walichota wapi. Kanisa lilikuwepo. Watu waliondoka na nini. Nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi, nimesoma barua za kila aina ya mapenzi ya siri, na sijawahi kukutana na mwanamke anayemtongoza mwanamume kwa kumuuliza Wahaya walichota maji wapi. Alikuwa anaulizia kwenu. Alikuuliza wewe ulipomwoa, ukamwambia yamepita, akanyamaza maisha mazima akiishi na mtu asiyejua alikotoka. Kisha akatokea mtu mmoja tu katika mkoa huu mzima aliyewahi kufika pale, anabisha hodi na asali. Ulitaka afanye nini, amuulize bei ya nta? Na tazama lugha. Wana Kinyaturu chao cha mizaha, lakini hayo maswali aliuliza kwa Kiswahili, na wewe uko chumba cha pili. Alitaka usikie. Alitaka utoke uje useme, "Hapana, kanisa lilikuwa hivi, na bondeni palikuwa hivi." Wewe ukatoka na kichwa kidoleni ukadai maji ya moto.

Unalia kwamba huna wa kuzungumza naye Kihaya. Umemfundisha nani? Umekaa na mwanamke mwenye akili ya kushona mfuko kama ukucha, ukashindwa kumfundisha hata salamu. Halafu unashika neno lake moja la kwetu, alilolisema akiwa na hasira, unaligeuza kuwa hati ya kufukuzwa. Yeye atasemaje, ikiwa kwenu hujawahi kumpeleka hata kwa mdomo?

Na huyo unayemwonea wivu kwamba alifika baada yako, hebu fikiri alichokiona. Kanisa lisilo na paa, jikoni baridi, kahawa yenye ukungu, mbwa wanaotafuta wenyewe. Ignas alikiona kijiji chenu kisicho na watu, akiwa kijana wa mbali mwenye njaa na hofu. Wewe ndiye uliyekiona kikiwa na watu. Unajua nani alikaa nyumba ipi, nani alikuwa mkorofi, nani aliimba vibaya kanisani. Hayo Ignas hana, na angekuwa nayo asingekuja kumtazama askari wako. Umekaa juu ya mali yako yote, unamlalamikia mtu aliyeokota ganda.

Habari ya kurudi Kagera peke yako, iache. Mtu anayerudi kwao kwa sababu ameshindwa kumwomba mkewe radhi hajarudi, amekimbia mara ya pili. Ukitaka kwenda kuitazama ardhi ya mama yako, nenda, lakini nendeni wawili, na safari hiyo iwe baada ya ile ya Mitundu.

Maana Mitundu utakwenda. Usipige simu, usimtume binti yenu, usipeleke salamu kwa dereva wa basi. Lakini kabla hujapanda gari, mwambie Severina mchana kweupe, bila kuzungukazunguka, kwamba ulichafua jina lake kwa makusudi na unalisafisha mwenyewe. Usimwambie habari za mapenzi, hajauliza. Asipokujibu, usimfuatefuate. Kisha utafute ndoo nyingine uijaze, kwa vitu ulivyovitafuta wewe, unga uliosagisha wewe na alizeti uliyokamulisha wewe, si vya jikoni kwake. Akitaka kwenda nawe, mpishe akae dirishani. Asipotaka, nenda.

Ukifika kwa Ignas, shika mkono wake, mwambie, "Kaka, nilikukosea." Kaka, siyo mzee mwenzangu. Atafanya mzaha, vumilia, umeulipia mzaha huo. Mchukue umketishe nje penye mwanga mzuri, utoe kichwa na wembe wako, umtengeneze ukimtazama. Pua ya mtu haizeeki sana, na mifupa ya mashavu hukaa. Yaliyobaki akueleze. Alikuwa na hofu ya nini, alikuwa anamkumbuka nani, alikuwa ametoka kula au hajala. Na tafadhali sana usimuulize mkanda. Malizia kichwa hapohapo Mitundu, usirudi nacho Itigi kwa kisingizio cha rangi kukauka, kwa sababu macho yake hayatakusubiri wewe upoe. Askari amevaa shati lako tayari. Mke aliyetaka kukutoroka asingemvika yule mtu nguo ya mgongo wako.

Ukirudi, watoe askari kwenye maboksi hayo. Na nina jambo moja zaidi la kukuuliza, nalo si la wivu. Umetengeneza kikosi kizima cha waliokwenda kukomboa, hujatengeneza hata mtu mmoja aliyekombolewa. Kwenye meza yako hakuna anayevuka mto. Mwagize Eliana kiwiliwili cha mwanamke, ndani ya Kariakoo hakikosekani. Kikifika, kiweke mezani mbele ya Severina na mkasi wake, usimwambie ni cha nani mpaka akuulize. Atauliza. Akishauliza, usiseme hayo yamepita, mwambie siku ile mama yako alikuwa amevaa nguo ya rangi gani.